Sura ya Tano: Je, Vita Vilipiganwa Hivyo Kweli?

Watazamaji wa filamu za vita za Kichina hawachoki kuuliza swali moja: je, mambo haya yalitokea kweli? La pili hufuata papo hapo, tena kwa sauti ya kulalamika: mbona wanaigiza namna hii? Anayeuliza amemwona jemadari akiangusha maadui ishirini kwa mkuki mmoja, au afisa wa Kijapani anayefoka tangu mwanzo hadi mwisho, au askari aliyepigwa risasi ya kifua ambaye hakati roho mpaka amalize hotuba.

Wachina wenyewe wanabishana juu ya maswali haya, na ubishi wao ni mkali kuliko wetu, kwa sababu waliokufa katika vingi vya vita hivyo ni babu zao na bibi zao. Watu wawili hutazama filamu ileile; mmoja hutoka analia, mwingine hutoka amekasirika, na kila mmoja ana hoja ya maana. Sura hii inaeleza chanzo cha tofauti hizo, na mwisho inatoa hukumu.

Maswali matatu ndani ya swali moja

Neno "uhalisia" lina maana ya kufanana na mambo yalivyo katika maisha. Kwenye filamu za vita, neno hilo hubeba mizigo mitatu, na wanaobishana mara nyingi hawajui kwamba kila mmoja amebeba wake:

1. Ukweli wa kumbukumbu. Je, tukio hili limeandikwa katika historia? Walikuwapo watu hawa, idadi hii, siku ile?
2. Ukweli wa macho. Je, tope, damu, silaha na mshindo vinafanana na vita halisi?
3. Ukweli wa mtu. Je, huyu ninayemwona anaogopa, anachukia na anaomboleza kama binadamu?

Filamu inaweza kufaulu moja na kuanguka mengine mawili. Anayejali kumbukumbu atasema filamu ni ya uongo. Anayejali mtu atasema haijapata kutengenezwa filamu ya kweli kama ile. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Ilikotoka ile namna ya kuigiza

Uigizaji tunaouona umetiwa chumvi una ukoo wake. Muda mrefu kabla ya kamera kufika China, watu walitazama vita jukwaani, katika opera: mchezo unaochanganya kuimba, kucheza, sarakasi na mapigano. Katika opera ya Peking, jemadari huingia na bendera ndogo nne mgongoni na kiboko mkononi. Kiboko hicho ndicho farasi, kama mtoto anavyopanda fimbo akaiita punda. Askari wachache wakizunguka jukwaa, hilo ni jeshi zima. Uso wa Cao Cao, mbabe wa vita wa karne ya 2 na ya 3, hupakwa rangi nyeupe, alama ya hila. Wa Guan Yu, jemadari wa zama hizohizo, hupakwa nyekundu, alama ya uaminifu. Mtazamaji humjua mtu kabla hajafungua kinywa. Pambano linapofika kileleni, mwigizaji hukaza mwili ghafla, akakodoa macho na kutulia, na hadhira ikamshangilia.

Hapa hapana udanganyifu. Hakuna aliyekaa mbele ya jukwaa akaamini kwamba kiboko ni farasi. Ni mapatano kati ya mchezaji na mtazamaji.

Mapatano hayo yaliingia katika filamu za vita za miaka ya 1950 na 1960. Nyingi zilitengenezwa na Studio ya Agosti Mosi, iliyoanzishwa mwaka 1952 chini ya jeshi, na lengo lilikuwa kufundisha. Tunnel Warfare ya mwaka 1965, inayohusu wanakijiji waliochimba mahandaki chini ya nyumba zao ili kuwapiga Wajapani, ilikusudiwa pia kuwafunza mgambo mbinu za kujilinda. Shujaa alisimama wima, uso kwenye mwanga. Adui alipinda mgongo kivulini.

Lakini tusizidharau filamu hizo. Katika Shangganling ya mwaka 1956, inayohusu vita vya Korea, askari wamekwama ndani ya handaki bila maji, midomo imepasuka kwa kiu. Linafika tufaha moja. Linapita mkono kwa mkono, kila mtu analimega kidogo tu ili mwenzake naye apate, na linamaliza mzunguko bila kuisha. Tendo hilo peke yake linatuambia kiu ilivyo na undugu ulivyo. Mamilioni ya Wachina wanalikumbuka tufaha lile hadi leo.

Kwa ufupi: uigizaji wa ishara kubwa si ukosefu wa ufundi. Ni urithi wa jukwaani. Tatizo huanza pale filamu inapotumia ishara za jukwaa huku ikimwambia mtazamaji aamini kwamba anatazama historia.

Red Cliff: kumbukumbu, riwaya na kicheko

Mwaka 208, majira ya baridi, Cao Cao alishuka kusini na jeshi kubwa hadi mto Yangtze. Majemadari wa kusini walimshinda kwa kuzichoma moto meli zake. Mwongozaji John Woo aliigeuza habari hiyo kuwa Red Cliff, filamu ya sehemu mbili iliyotoka mwaka 2008 na 2009.

Habari za vita hivyo zinapatikana katika vitabu viwili vinavyopingana. Kimoja ni historia iliyoandikwa na Chen Shou katika karne ya 3, enzi iliyokuwa bado karibu na matukio. Cha pili ni riwaya maarufu ya Falme Tatu, inayohesabiwa kuwa ya Luo Guanzhong wa karne ya 14. Waliosoma kitabu cha Chen Shou ni wachache. Riwaya anaijua kila mtu, kwa kuisoma au kwa kuiona kwenye opera na runinga. Katika riwaya, jemadari Zhou Yu ana wivu unaomla hadi kifo. Katika historia ni mtu mkunjufu na mjuzi wa muziki. Woo alimchagua Zhou Yu wa historia, akampa nafasi hiyo Tony Leung. Waliolelewa na riwaya walimwona si Zhou Yu wanayemjua. Waliosoma historia walisema hatimaye ametendewa haki.

Mzozo ulikuwa mkubwa zaidi kwa Zhuge Liang, mshauri wa vita ambaye kwenye jukwaa ni mzee wa busara mwenye ndevu na kipepeo cha manyoya. Kwenye filamu ni kijana mchangamfu, ameigizwa na Takeshi Kaneshiro. Katika onyesho moja anamzalisha farasi wa Zhou Yu, na mtoto wa farasi huyo anapojitahidi kusimama wanambembeleza kwa jina lake. Kumbi za sinema nchini China ziliangua kicheko. Wengi walisema waigizaji wanaongea kama vijana wa mjini wa leo waliovaa maleba ya kale.

Lakini tupige hesabu. Zhuge Liang alizaliwa mwaka 181. Wakati wa vita alikuwa na miaka 27 hivi. Sun Quan, mtawala wa kusini, alizaliwa mwaka 182. Zhou Yu alizaliwa mwaka 175. Wote watatu walikuwa vijana. Kwa umri na uchangamfu, filamu ilikuwa karibu na kumbukumbu kuliko ule uzee uliozoeleka, na bado watu waliiona ya uongo. Mara nyingi tunachokiita "halisi" ni kile tulichokizoea kwenye picha za awali.

Hiyo haiifuti kasoro nyingine. Cao Cao alijitapa kwamba ana watu 800,000. Zhou Yu mwenyewe alikadiria kuwa hawazidi laki mbili na ushee, na majeshi ya kusini yalikuwa kama 50,000. Filamu inayapenda majigambo kuliko makadirio. Tena inambebesha Xiao Qiao, mke wa Zhou Yu, hadithi isiyomo katika historia: anavuka mto peke yake na kumchelewesha Cao Cao kwa kumwandalia chai taratibu, mpaka upepo unageuka. Onyesho linapendeza machoni, lakini linaifanya vita ya kugombea nchi ionekane ya kugombea mwanamke.

Assembly: kilo 350 au kilo 100

Mwaka 2007 Feng Xiaogang, mwongozaji aliyejulikana kwa vichekesho vya mwaka mpya, alitoa Assembly. Inaanza katika kampeni ya Huaihai ya mwaka 1948, wakati Wakomunisti na chama cha Kuomintang walipokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Milipuko na majeraha yaliandaliwa kwa msaada wa mafundi wa Korea Kusini waliotengeneza Taegukgi, filamu ya vita ya mwaka 2004. Udongo unarukia kamera, masikio yanaziba, mwili wa mtu unakatika vipande viwili mbele ya wenzake.

Baadhi ya wahakiki walisema huo ni uigaji: kamera inayotikisika imetolewa Hollywood, tope limetolewa Korea. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini iliyoitofautisha Assembly na filamu za zamani ni mwenendo wa mtu wake mkuu. Kapteni Gu Zidi, aliyeigizwa na Zhang Hanyu, baada ya kumwona kamisaa wake wa siasa akiuawa, anaamuru waliosalimu amri wapigwe risasi. Anafungwa kwa kosa hilo. Akiwa mahabusu anamkuta mwalimu aliyeshikwa na hofu vitani hadi akajikojolea, na ni huyohuyo anayemchukua kuwa kamisaa wake mpya. Katika filamu za Agosti Mosi, shujaa asingeua mateka, na mwoga asingepewa cheo.

Kisha kombania ya Gu, watu 47, inaamriwa kuushikilia ukingo wa mto mpaka tarumbeta ya kurudi nyuma ipigwe. Wote wanakufa isipokuwa yeye. Nusu ya pili haina vita tena. Ni mtu anayezunguka ofisi hadi ofisi akidai askari wake watambuliwe, kwa sababu miili haikuonekana na wameandikwa "waliopotea". Familia ya shahidi hupewa nafaka jin 700. Familia ya aliyepotea hupewa 200. Jin moja ni nusu kilo. Kwa hiyo mzozo mzima ni wa kilo 350 au kilo 100, na jina la mtoto wa mtu.

Watazamaji waliokwenda kutafuta milipuko waliona nusu hiyo imepoa. Mimi naiona ndiyo moyo wa filamu. Zhang Hanyu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitia sauti katika filamu za watu wengine, hapa haigizi ushujaa. Anaigiza mtu asiyejua kama tarumbeta ilipigwa yeye asiisikie, na kwa hiyo hajui kama yeye ndiye aliyewaua watu wake. Mwaka 2008 alipata tuzo ya mwigizaji bora ya Golden Horse huko Taiwan.

Kwa ufupi: moshi na damu humfanya mtazamaji ashtuke. Kinachomfanya aamini ni mtu mwenye kosa, mwenye hofu na mwenye deni.

Adui ni mtu au kinyago?

Tofauti kali kuliko zote zinahusu vita dhidi ya Japani, vya mwaka 1937 hadi 1945, vilivyoua mamilioni ya Wachina.

Upande mmoja ziko tamthilia za runinga ambazo Wachina wenyewe wamezipachika jina la dhihaka, wakiziita za miujiza. Katika moja, iliyovuma sana, mpiganaji wa Kichina anamchana askari wa Kijapani vipande viwili kwa mikono mitupu. Mwaka 2013 wadhibiti wa utangazaji wa China walichukua hatua dhidi ya tamthilia za namna hiyo baada ya umma kulalamika. Wanaozitetea husema ni burudani, na kwamba mzee aliyeonewa utotoni ana haki ya kufurahi jioni akiona adui anapigwa.

Upande wa pili ziko filamu zilizothubutu kumpa adui sura ya binadamu. Devils on the Doorstep ya Jiang Wen ilipata tuzo kuu ya majaji huko Cannes mwaka 2000, kisha ikapigwa marufuku China. Wanakijiji wanaletewa usiku mateka wawili ndani ya magunia: askari wa Kijapani na mkalimani wake Mchina. Mjapani anataka kuwatukana ili wamuue afe kishujaa; mkalimani, anayetaka kuishi, anamfundisha maneno ya heri ya mwaka mpya akimwambia ndiyo matusi. Mjapani anayapaza kwa hasira zote, na wanakijiji wanashangaa. Tunacheka, tunawazoea wote. Ndiyo maana mauaji yanayofuata baadaye hayavumiliki.

City of Life and Death ya Lu Chuan, ya mwaka 2009, inaonyesha mauaji ya Nanjing yaliyoanza Desemba 1937, kwa picha nyeusi na nyeupe. Mmoja wa wahusika wakuu ni Kadokawa, askari wa Kijapani anayeoza rohoni kwa anayoyaona na kuyatenda, hadi anajiua. Filamu ilishinda tuzo kuu huko San Sebastián, Hispania. Nyumbani, Lu Chuan alitishiwa kuuawa. Waliomkasirikia waliuliza: katika mji uliochinjwa, kwa nini machozi yetu yaelekezwe kwa mchinjaji?

Swali hilo ni zito na linastahili heshima. Hata hivyo naamini Lu Chuan alifanya sawa. Adui akiwa zimwi, mauaji yanakuwa ajali, kwa maana mazimwi ndivyo yalivyo. Adui akiwa kijana wa kawaida anayejua alifanyalo, mauaji yanakuwa dhambi, na dhambi ina wa kuijibu. Na adui akiwa mjinga wa kuchanwa kwa mikono, basi wale mamilioni waliokufa wakimzuia walikufa kwa nini? Tamthilia ya miujiza inawadhalilisha mababu wa anayeipigia makofi.

Nyuso: nani anastahili kuigiza shujaa?

China ina desturi ya kuteua waigizaji kwa kufanana na viongozi. Gu Yue, aliyefariki mwaka 2005, aliigiza kama Mao Zedong katika filamu na tamthilia zaidi ya 80. Wanaoipenda desturi hiyo husema sura ndiyo heshima ya kwanza. Wanaoikosoa husema mwigizaji anageuka picha ya ukutani: anafanana sana, haishi.

Mwaka 2017 ubishi uligeuka. The Founding of an Army iliwapa vijana mastaa nafasi za viongozi wa jeshi la Kikomunisti la mwaka 1927. Ye Daying, mwongozaji na mjukuu wa Jenerali Ye Ting, alilalamika hadharani kwamba babu yake ameigizwa na Ou Hao, kijana aliyetokea kwenye uimbaji. Waliotetea walijibu kwamba viongozi wale nao walikuwa vijana, hoja ileile ya Zhuge Liang.

Umri si kosa, wala umaarufu si kosa. Jet Li, aliyejulikana kwa ngumi na mateke, aliigiza jenerali mwenye tamaa katika The Warlords ya mwaka 2007, inayohusu uasi wa Taiping wa karne ya 19. Uso umechoka, nguo zimechafuka, maamuzi ni machungu. Alipata tuzo ya mwigizaji bora ya Hong Kong, na aliipata alipoacha kutegemea mateke.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna la kujihadhari hapa. Wengi wetu tulizijua filamu za Kichina kupitia vibanda umiza na mikanda iliyotafsiriwa na maDJ, au zilizotiwa sauti upya. Tulisikia sauti ya msimuliaji, si ya mwigizaji. Kabla ya kusema Wachina hawajui kuigiza, tazama filamu walau moja kwa sauti yake ya asili, na maandishi ya tafsiri chini.

Filamu za mabilioni na mipaka ya kukosoa

The Eight Hundred ya Guan Hu, ya mwaka 2020, inahusu askari wa Kuomintang waliolilinda ghala la Sihang, Shanghai, dhidi ya Wajapani mwishoni mwa Oktoba 1937. Upande mmoja wa mto mwembamba palikuwa na vita. Upande wa pili, katika eneo la wageni, taa ziliwaka na watu walisimama kutazama. Hilo ni kweli kabisa. Idadi ya 800 ilitangazwa makusudi ili adui asijue uchache wa walinzi hao. Walikuwa kama 400. Filamu inaongeza vifo na matendo makubwa kuliko yaliyorekodiwa, lakini inawapa nafasi ya mbele wakulima na watoro wanaotafuta upenyo wa kukimbia. Kabla haijatoka iliondolewa kwenye tamasha la Shanghai mwaka 2019, huku wengine wakilalamika kwamba inawasifu mno askari wa Kuomintang.

The Battle at Lake Changjin ya mwaka 2021, ya waongozaji watatu, Chen Kaige, Tsui Hark na Dante Lam, ilikusanya zaidi ya yuani bilioni 5.7. Inaonyesha vita vya Korea mwishoni mwa 1950, katika baridi ya nyuzi 30 na zaidi chini ya sifuri, askari wengi wa Kichina wakiwa wamevaa nguo nyepesi. Viazi vyao vimeganda hadi vinagoma kumeguka kwa meno. Ng'ambo, Wamarekani wanakula batamzinga wa sikukuu. Nyuso za wale walioganda wakiwa wamelala kwenye mstari wa kuvizia haziwezi kusahaulika. Lakini Wamarekani wengi ndani yake ni vinyago, na mapigano mengine ni ya mtu asiyekufa.

Hapo maoni hayana uhuru kamili. China ina sheria ya mwaka 2018 ya kulinda heshima ya mashujaa na mashahidi. Mwaka 2022 aliyekuwa mwandishi wa habari alihukumiwa kifungo cha miezi 7 kwa kuwadhihaki mtandaoni askari wale walioganda. Dhihaka ile ilikuwa ya kuumiza. Hata hivyo, pale ukosoaji unapoweza kumpeleka mtu jela, ukimya wa watazamaji hauwezi kuhesabiwa kuwa sifa.

Namna ya kutazama

Utakapokaa tena mbele ya filamu ya vita ya Kichina, jiulize:

- Je, inaniomba niamini, au inaniomba nifurahie mchezo? Opera na visa vya upanga vina ruhusa ambayo filamu ya Nanjing haina.
- Je, ninachokiita uongo kinapingana na historia, au na picha niliyoizoea?
- Je, anayekufa alikuwa mtu kabla hajafa?
- Je, adui ana akili? Kama hana, ushindi una thamani gani?

Hukumu yangu ni hii. Idadi ikikosewa, kitabu kitasahihisha. Silaha ikikosewa, mjuzi atasahihisha. Binadamu akikosewa, hakuna wa kusahihisha, kwa sababu wengi watamjua kupitia filamu hiyo tu. Mwongozaji anayeigeuza vita halisi kuwa maonyesho ya miujiza anawanyima waliokufa kitu pekee walichobakiwa nacho, yaani ugumu wa yale waliyoyafanya. Tuwadai waongozaji ugumu huo, wa China na wa kwetu pia watakapoanza kuzitengeneza filamu za vita vyetu.